Keneli yangu inasoma faili vizuri hadi tarehe 4 Novemba, kisha inatoa alama za ajabu

SWALI

Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, niko nyumbani Langoni, Lamu. Ninaandika keneli ndogo kwa lugha ya C kwa kufuata xv6 (mfumo mdogo wa uendeshaji wa kufundishia) ya RISC-V, na naiendesha ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta. Kwa sasa inasoma tu, haijaanza kuandika. Muundo wa inodi (rekodi inayosema data ya faili iko wapi kwenye diski) nimeunakili vile vile, bloki za baiti 1,024, ila fankisheni kadhaa nimeziandika mwenyewe ili nielewe. Ami yangu ni nahodha wa mashua ya Faza, kwa hivyo faili langu la majaribio ni jedwali la maji kujaa na kupwa la mwaka 2025: mistari 365, kila mstari baiti 40 pamoja na ile ya kushuka mstari. Mafaili madogo yanasomeka sawa. Hili linasomeka sawa hadi tarehe 3 Novemba. Tarehe 4 inatoka 04/11/25<=> na baada ya hapo hakuna kitu. Mara nyingine, si kila mara, mwisho kabisa inatokea @0 na alama za ajabu. Nikiiwasha upya inapotea. Programu ya kuhesabu, wc, inasema mistari 307 na baiti 14600. Nimetengeneza diski upya mara tano, nimeongeza kumbukumbu ya QEMU, wapi! Rafiki yangu ananiambia nibadilishe NDIRECT (idadi ya bloki ambazo inodi inazielekeza moja kwa moja) kutoka 12 iwe 20. Nifanye hivyo?

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. La, usifanye hivyo. Sababu nitakupa huko chini. Na hiyo diski usiitengeneze mara ya sita, haina kosa lolote. Kosa liko kwenye mstari mmoja wa msimbo wako, na ingawa hukunitumia msimbo wenyewe, nadhani naujua ulivyo. Keneli yako imekuandikia barua, wewe ukaiita takataka kabla ya kuisoma.

Tuanze na mahali inapokatika. 2025 si mwaka mrefu, kwa hivyo tarehe 3 Novemba ni siku ya 307. Mistari 307 mara baiti 40 ni 12,280. Mstari wa tarehe 4 umetoa 04/11/25, herufi nane, ndipo ukaharibika. Jumlisha: 12,288. Sasa gawanya kwa 1,024. Unapata 12 kamili, hakuna hata baiti moja iliyobaki.

Uharibifu ukianza penye mpaka wa bloki namna hiyo, weka kando umeme, joto, QEMU na jicho la hasidi. Kumbukumbu mbovu haijui kuhesabu hadi kumi na mbili ikasimama. Anayejua kuhesabu hivyo ni msimbo, na ndani ya xv6 namba 12 ina jina: ndiyo hiyo hiyo NDIRECT ambayo rafiki yako anataka kuiongeza. Kwa hivyo pua yake imenusa mahali penyewe, dawa ndiyo aliyokosea.

Sasa tusome barua. Baada ya tarehe zimetoka alama tatu: <, = na >. Fungua jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi namba yake. Alama ya < ni 60, = ni 61, > ni 62. Hapo mimi nilicheka peke yangu barazani hadi mke wangu akatoka kuuliza kuna nini. Namba tatu zinazofuatana! Faili la baiti 14,600 linahitaji bloki 15, maana bloki 14 ni baiti 14,336 tu na zinabaki 264. Toa zile 12 za mwanzo, zinabaki ngapi? Tatu. Kilichotoka kwenye skrini yako ni orodha ya namba za bloki zilikolala siku zako za Novemba na Desemba. Kila namba kwenye diski inachukua baiti nne, na RISC-V huandika ile ndogo mbele, kwa hivyo 60, ambayo kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ni 3c, imekaa kama 3c 00 00 00. Sufuri hazina sura kwenye skrini, ndiyo sababu uliziona alama tatu zimeshikana kama alama moja.

Inodi ya xv6 ina nafasi 13 za namba za bloki. Kumi na mbili za kwanza ni za moja kwa moja: ukiuliza bloki ya 5 ya faili, nafasi ya 5 inakuambia iko wapi kwenye diski. Ile ya kumi na tatu si ya data. Inaelekeza kwenye bloki moja ambayo ndani yake mna namba nyingine 256, na hizo ndizo zinazoelekeza kwenye data. Chukulia mfanyabiashara mwenye maghala kumi na mawili, anwani zote zimeandikwa mlangoni. Chini yake pameandikwa mahali anapokaa karani, naye karani ana daftari la maghala mengine yote. Wewe umekwenda kwa karani, ukachukua daftari, ukalitia chunguni ukidhani ni mchele.

Kwa hivyo naweka dau kwamba bmap yako (fankisheni inayotafuta bloki ya faili iko wapi kwenye diski; addrs ni zile nafasi 13) imeandikwa hivi:

    return ip->addrs[bn];

Mstari mmoja, mtamu, na kwa mafaili yote yasiyozidi baiti 12,288 ni sahihi kabisa. Ndiyo maana mafaili yako madogo hayakulalamika.

Zingatia pia kile ambacho wc imekuthibitishia bila wewe kuiuliza. Baiti ni 14,600 kamili. Maana yake readi yako (fankisheni inayosoma faili) inaujua ukubwa wa faili, inasonga mbele inavyopaswa, na inasimama inapopaswa kusimama. Mistari ni 307 kwa sababu baada ya hapo hakuna baiti ya kushuka mstari tena. Basi msomaji ni mzima, ila amepelekwa nyumba siyo. Hilo peke yake linakuondolea nusu ya msimbo wa kuutilia shaka.

Imebaki ile @0 inayokuja na kwenda, ambayo naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Daftari lenyewe umelisoma kwa addrs[12]. Kisha msimbo wako ukaomba addrs[13] na addrs[14], na nafasi hizo hazipo. C haikukuzuia, si kawaida yake. Ilisoma tu kilichofuata kwenye kumbukumbu. Ukihesabu baiti za muundo wa inodi wa xv6 kwenye RISC-V utakuta ni 132, na kwa sababu ndani yake mna vielekezi vya baiti nane nane, mkusanyaji hujazia hadi 136. Hizo nne za kujazia ni sufuri, nazo ndizo addrs[13] yako: ukasoma bloki 0 ya diski, ambayo haina kitu, skrini ikanyamaza. Na addrs[14] imeangukia inodi ya jirani kwenye jedwali la inodi, penye uga wake wa kwanza kabisa, yaani namba ya kifaa. Kama nafasi ile ya jirani haijawahi kutumika tangu mashine iwashwe, hapo pana sufuri, unapata ukimya tena. Kama imewahi kutumika, tuseme ulikuwa umefungua mafaili mawili kwa pamoja, pana 1, na namba hiyo hubaki hapo hata faili likifungwa. Bloki 1 ni superbloki, yenye maelezo ya mfumo mzima wa faili. Superbloki ya xv6 huanza na namba ya utambulisho 0x10203040. Iandike kuanzia baiti ndogo: 40, 30, 20, 10. Sasa rudi kwenye ASCII, safari hii kwa heksadesimali: 40 ni @, 30 ni tarakimu 0, 20 ni nafasi tupu, na 10 haina sura.

Ndiyo @0 yako hiyo. Haikuwa bahati wala shetani. Ilikuwa inategemea ulichofungua kabla, na ukiwasha upya jedwali linakuwa tupu.

Usiniamini kwa maneno matupu, diski iko mikononi mwako. Programu ya mkfs, inayotengeneza diski, hugawa bloki kwa mfuatano, na huchukua bloki ya daftari kabla tu ya bloki ya kwanza inayoorodheshwa humo. Kama ya kwanza ni 60, nabashiri daftari lenyewe ni bloki 59, na 59 mara 1,024 ni 60,416. Kwenye kompyuta yako, nje ya QEMU, andika:

    xxd -s 60416 -l 16 fs.img

Utaona mstari huu:

    0000ec00: 3c00 0000 3d00 0000 3e00 0000 0000 0000  <...=...>.......

Kisha xxd -s 61440 -l 64 fs.img, ambayo ni bloki 60, na macho yako yataona saa za maji za tarehe 4 Novemba zilizokuwa zinakosekana. Zilikuwepo siku zote. Mara tano ulizotengeneza diski, mara zote tano uliitengeneza sawa.

Dawa:

    static uint
    bmap(struct inode *ip, uint bn)
    {
      struct buf *bp;
      uint addr;

      if(bn < NDIRECT)
        return ip->addrs[bn];

      bn -= NDIRECT;
      if(bn >= NINDIRECT)
        panic("bmap: nje ya faili");
      if(ip->addrs[NDIRECT] == 0)
        return 0;

      bp = bread(ip->dev, ip->addrs[NDIRECT]);
      addr = ((uint*)bp->data)[bn];
      brelse(bp);
      return addr;
    }

Msimbo ni mfupi lakini una mashimo matatu, na karibu kila mtu huanguka walau moja. Kwa kuwa wewe una faili lenye tarehe, nitakuambia kila shimo linaonekanaje upande wako.

Ukisahau bn -= NDIRECT, utaomba namba ya 12 ndani ya daftari lenye namba tatu tu. Utapata sufuri. Kwenye skrini, 04/11/25 kisha kimya, bila <=>. Wengi hapo hufurahi kwamba takataka imeondoka, kumbe wamehama ugonjwa mmoja kwenda mwingine.

Ukisahau brelse, inayoachilia bafa, mambo ni mabaya zaidi. bread, inayosoma bloki ya diski na kuiweka kwenye bafa (kipande cha kumbukumbu), hukurudishia bafa ikiwa imefungwa kufuli, na kufuli unalo wewe. Usomaji wa kwanza ndani ya bloki ya 13 ya faili utafaulu. Ukija kwa unaofuata, msimbo utaomba daftari lile lile, ulikute limefungwa, na ulale kungoja aliyelifunga aliachilie. Aliyelifunga ni wewe. Ikiwa cat yako ni ile ya xv6 inayosoma baiti 512 kwa mkupuo, mashine itaganda baada ya baiti 12,800: mistari 320 mizima, wa mwisho ukiwa wa tarehe 16 Novemba. Ikiganda hapo, usianze kutafuta kwingine.

La tatu ni la kichinichini. Ukiiandika brelse juu ya mstari unaosoma addr, kwenye majaribio yako itafanya kazi, pengine mwezi mzima. Lakini ukishaachilia bafa, mchakato mwingine una haki ya kuichukua na kumwaga bloki nyingine humo, nawe ukasoma namba isiyokuhusu. Soma, kisha achilia.

Na kwenye readi, pale unapoita bmap, weka ulinzi: ikirudi 0, usiende bread. Katika mfumo huu sufuri maana yake ni hakuna bloki. Bloki 0 si ya faili la mtu yeyote. Linux yenyewe hukubali faili lenye matundu na kurudisha sufuri tupu mahali pa tundu, ila xv6 haitengenezi matundu, kwa hivyo kwako sufuri ni dalili ya ajali. Simamisha usomaji hapo.

Tena ushukuru keneli yako haijaanza kuandika. bmap ile ile ikitumika kuandika, baiti ya 12,289 ingeangukia juu ya daftari la karani, maghala yote yaliyoorodheshwa humo yakapotea njia, na bloki mbili mbele, kama nafasi ya inodi ya jirani imewahi kutumika, ungekuwa unaandika juu ya superbloki. Hapo diski yako isingewaka tena.

Kuhusu kusoma takataka, nina deni la kukiri. Miaka iliyopita nilikuwa natengeneza kifaa cha kurekodi vipimo vya maji ya kisima, data inakwenda kwenye kadi ya kumbukumbu. Kila nikisoma faili, napata baiti 512 nzuri na zilizobaki ni ovyo. Nilibadilisha kadi tatu, nikalaumu chumvi ya bahari, nikampa lawama hata fundi wa umeme maskini ya Mungu. 512 ndio ukubwa wa sekta. Kielekezi changu cha bafa hakikuwa kinasogea, kila sekta ikiandikwa juu ya iliyotangulia, na hizo baiti 512 nilizoziona nzuri zilikuwa za mwisho wa faili, si za mwanzo. Wiki nzima sikuzisoma, nilitazama tu kama zinasomeka.

Wakubwa nao hukutana nayo. Mwaka 2022 Max Kellermann alitangaza kasoro ya keneli ya Linux iliyokuja kuitwa Dirty Pipe. Alianza na kitu kidogo: mafaili ya rekodi za seva yaliyobanwa kwa gzip yalikuwa yanakataa kufunguka, na kilichoharibika ni baiti nane za mwisho. Alipozitazama, zilianza na PK, herufi za Phil Katz aliyebuni ZIP. Yaani kichwa cha orodha ya faili la ZIP kilikuwa kimeangukia mwisho wa faili la gzip ambalo hakuna aliyeliandikia. Akafuata uzi huo hadi ndani ya keneli, akakuta uga mmoja kwenye muundo wa bafa za paipu ulioachwa na thamani ya zamani bila kusafishwa. Kuanzia toleo 5.8 mtu wa kawaida aliweza kubadilisha yaliyomo ya faili aliloruhusiwa kulisoma tu. Ikarekebishwa katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Marekebisho yenyewe ni kuuwekea uga huo sufuri.

Turudi kwa rafiki yako. Akiongeza NDIRECT iwe 20, faili lako la bloki 15 lingeingia lote kwenye nafasi za moja kwa moja, ungeona Desemba yako, mkapeana mikono. Kisha ami anakuomba uongeze jedwali la 2026, faili linafika baiti 29,200, na ugonjwa unarudi bloki ya 21. Lakini hata hapo hamtafika. Inodi kwenye diski ina baiti 12 za maelezo na nafasi 13 za baiti nne nne, jumla 64 kamili, ndiyo sababu bloki moja hubeba inodi 16 bila kubakiza. Ukiwa na nafasi 21 inakuwa baiti 96, na 1,024 haigawanyiki kwa 96. mkfs ya xv6 hukagua jambo hilo mwanzoni na itagoma kabisa. Ukiunyamazisha ukaguzi huo, kila bloki itabeba inodi 10 tu, na baiti 64 za mwisho zitapotea bure.

Nafasi zilizowekwa na waliotangulia zina hesabu yake. ext2 ya Linux pia ina kumi na mbili za moja kwa moja, kisha daftari, kisha daftari la madaftari, kisha la tatu juu yake. ext4 ilikuja na njia nyingine, ya kuandika bloki inaanzia wapi na zinafuatana ngapi, ambayo kwa faili kama lako lenye 60, 61, 62 ingekuwa mstari mmoja tu. Lakini hilo ni la baadaye, maliza hili kwanza.

Majaribio usiyafanye kwa faili la maji peke yake. Tengeneza mafaili ya baiti 12,287, 12,288 na 12,289, maana makosa ya aina hii hukaa kizingitini. Ongeza moja la 274,432, ambayo ni bloki 268, kikomo cha mfumo wako. Yasome pia kwa vipande vya baiti 7, na vya 1,000, ili usomaji uanzie katikati ya bloki na kuvuka mpaka. Anayesoma kwa 512 tu hawezi kugundua kosa la usomaji unaovuka mpaka wa bloki. Jaza kila faili namba zinazofuatana badala ya herufi moja iliyorudiwa, la sivyo bloki zikibadilishana hutajua.

Na jedwali lenyewe lisikae mkononi mwa ami mpaka hapo. Kwenye Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakipwa mashua haipiti, na tarehe iliyo sahihi yenye saa za bloki nyingine haionyeshi kosa lolote kwa nahodha anayeisoma gizani alfajiri. Endesha wc kwanza: unatafuta mistari 365 na baiti 14600, kisha tazama kwa macho mstari wa 04/11/25, wa 29/11/25 (unaovuka mpaka wa bloki ya 13 na ya 14) na wa 31/12/25, ulinganishe na faili la asili lililo kwenye kompyuta yako.